Mate ya Teleka

Damu haionekani chini ya taa nyekundu. Nililigundua hilo katika chumba cha giza cha studio yangu pale soko la Migwani, siku moja ya Juni, nikiosha picha za harusi. Kifua kilinibana, nikakohoa, nikaona matone kwenye karatasi. Nikadhani ni maji. Nikayapangusa kwa mkono wa shati, nikaendelea na kazi, nikakohoa tena, nikapangusa tena. Nilipofungua mlango kwenda kuanika picha nje, shati langu lilikuwa jekundu mpaka kiwiko, na bibi harusi wa watu alikuwa na alama za vidole vyangu kwenye shela. Mke wangu Nduku alikuwa barazani anapepeta pojo. Aliangusha ungo, pojo zikamwagika hadi barabarani, na hakuna aliyeziokota.

Miaka imepita sasa. Wa kufa kati yetu walikufa, mimi nikabaki. Ninaandika haya kwa ajili yako wewe uliyeandikiwa sindano za kifua, ambaye pengine uko kwenye benchi sasa hivi unangoja kuitwa. Mambo ya udaktari sitakueleza, sikuyasomea. Nataka kukueleza kitu nilichoficha na kile kilichonipata. Itabidi nikueleze habari za ndege pia, kwa sababu bila ndege hao nisingeficha chochote.

Kwetu, ndege yeyote mdogo mweusi anayepita mbio angani tunamwita mbayuwayu na maneno yanaisha. Ni mwalimu mmoja wa bayolojia, alikuja kupigwa picha ya kitambulisho, ndiye aliyenisahihisha. Aliangalia juu barazani akasema, "Hao wako si mbayuwayu, fundi. Mbayuwayu anatua kwa waya. Hao umewahi kuwaona wametua mahali?" Nikafikiri. Kusema kweli sikuwahi. "Basi hao ni teleka," akasema. Nilipompelekea Nduku jina hilo alicheka mpaka akashika mbavu. "Teleka ni kazi ya sufuria! Haya, teleka basi, tule!"

Walikuwa wengi. Dari ya baraza yetu ilikuwa ya simiti, na nyumba zao zilibanana kwenye pembe, nyingine juu ya nyingine, za manyoya na majani makavu. Siku moja mmoja alianguka sakafuni. Hakuwa ameumia, lakini hakuweza kuinuka. Miguu yake ilikuwa mifupi sana, akapiga mabawa kwenye simiti akizunguka mahali pamoja, na paka wa jirani akawa ameshamwona. Nikamwokota, nikatoka naye nje, nikamrusha juu. Akaenda. Nilisimama pale nikiangalia juu mpaka mteja akanivuta shati, na tangu siku hiyo nilikuwa nimeshikwa.

Nilianza kuwapiga picha. Ai, hiyo ilikuwa adhabu. Nilimaliza filamu nyingi kwa michirizi myeusi na vipande vya mkia. Jicho halimwezi teleka, ukimwona, amepita. Lakini baada ya muda nikagundua siri yake: akija nyumbani kwake jioni, yeye na wenzake wanapiga kelele kali nyembamba, kama chuma kinachonolewa, na ile kelele inapanda kabla tu hajaingia. Ukibonyeza kelele inapopanda, unampata. Nikawa napiga picha kwa sikio. Nilimpata mgongo, nikampata mabawa. Nilichotaka ni uso, mdomo ukiwa wazi, akilia. Picha moja tu hiyo. Na kelele kubwa kabisa wanapiga mvua za Novemba zikija, wakati wana makinda.

Mwalimu yule aliniambia jambo lingine, na mimi kwa majivuno nikalitangaza soko zima. Kwamba teleka hashuki chini kuchukua udongo. Manyoya anayadaka hewani, na anayabandika kwa mate yake mwenyewe. Nyumba yote ni mate. Nililisema kwa kinyozi, nikalisema nje ya kanisa baada ya ibada. Nilimwambia na mke wangu, akakunja uso. "Mate! Juu ya kichwa cha mtoto wangu?" Mtoto wetu Mwende alikuwa na miaka sita, na alipenda kuchezea pale pale chini yao. Nilimcheka Nduku. Nilimwambia hayo ni mate safi kuliko ya wanakwaya wa kanisa letu.

Basi, damu. Hospitali ya kwanza walinikalisha kwenye benchi la nje, la wanaokohoa. Wengine walikuwa ndani kwenye kivuli. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa amekaa karibu yangu kwa kukosea. Nilipokohoa alisogea, nikakohoa tena akasogea tena, mpaka benchi likamwishia akasimama. Sikuitwa kwa jina. Dirisha lilifunguka, sauti ikasema, "Ule wa kifua!" Tukasimama wanaume wanne. Nyumbani jioni hiyo nilikuta kikombe changu kimefungwa uzi mwekundu kwenye mkono wake, na kimewekwa kando. Mwende alipokimbia kuja kunikalia magoti, mamake alimdaka hewani.

Nikapelekwa hospitali nyingine, mbali, upande wa Makueni, yenye wodi ya watu wa kifua peke yao. Ilikuwa mwisho wa Juni, baridi ile kavu inayopasua midomo. Mkanda wangu wa suruali nilikuwa nimeutoboa matundu mawili mapya kwa msumari wa moto. Wodini nilitoboa la tatu, halafu nikaacha, nikafunga kamba. Tulipewa kila mtu kopo lenye kifuniko la kutemea. Asubuhi Sista, ndiye aliyekuwa mkubwa wa wodi, alipita na kutazama ndani ya kila kopo mbele ya watu wote, halafu akalitangaza. "Lako bado ni chafu." "Lako lina damu, umekula dawa kweli wewe?" Tuliona haya mwanzoni. Baadaye tukawa tunashindana.

Halafu sindano. Kila asubuhi isipokuwa Jumapili, leo tako la kulia, kesho la kushoto. Kufika ya ishirini nilikuwa na vinundu pande zote, nikawa nakaa kwa upande kama mtu aliyekalia msumari. Aliyejaribu kukwepa, Sista alimfuata mpaka chooni. "Sikio la kufa halisikii dawa," alikuwa akisema, huku akiinua sindano kwenye mwanga. "Lako linasikia?" Na kila Jumatatu, kabla ya sindano, aliuliza kila mtu swali lile lile: "Masikio yanalia? Kichwa kinazunguka?" Daktari alikuwa ameniambia nikienda vizuri, sindano zitaisha Oktoba, na mwisho wa Novemba niko nyumbani. Nisipoenda vizuri, tutaonana baada ya Pasaka. Nikakamata hilo neno, Novemba. Nilitaka niwe barazani kwangu na kamera, mvua zikiwa zimeanza, niwasikie wale ndege wakirudi jioni. Sikutaka kitu kingine. Hata kwa Mungu sikuomba kupona, niliomba Novemba.

Jirani yangu wa kitanda alikuwa mzee mmoja wa Kibwezi, Mzee Kilonzo, aliyewahi kulazwa hapo mwanzoni, akapona nusu, akaacha dawa, akarudishwa. Alijua sheria zote za wodi na jinsi ya kuzizunguka. Mwanzo wa Agosti, sindano ya thelathini na kitu, nilimwambia, "Mzee, nyenje wa huku hawanyamazi? Wanalia asubuhi mpaka jioni."

Akanitazama. "Nyenje gani, na baridi hii?"

Nikaziba masikio kwa vidole. Nyenje wakaendelea.

Mzee Kilonzo alivuta blanketi, akashusha sauti. "Usimwambie Sista. Ukimwambia anafunga sindano, anakupatia tembe za mwaka mzima, na hicho kitanda kinaota mizizi. Kuna mtu wa Malili alikuwa hapo ulipolala. Alisema ukweli. Alikaa mpaka watoto wake wakaanza kumwita mjomba."

Jumatatu ikaja. "Masikio yanalia?" Sista akauliza. Nilimwangalia machoni.

"Hapana, Sista."

Aliandika. Ilikuwa rahisi hivyo. Nikalisema Jumatatu iliyofuata, na ile nyingine, na nyingine. Kichwa kilipoanza kuzunguka nikajifunza kutembea nikishika vyuma vya vitanda, nikijifanya nasalimia watu. Nilikuwa naenda chooni nikisalimia wodi nzima. Wakasema nimekuwa mpole.

Hata pale hospitalini kulikuwa na teleka, chini ya tangi la maji. Jioni tuliruhusiwa kukaa nje kwenye nyasi, nami nilikaa nikiwatazama wakizunguka. Julai niliwasikia vizuri. Septemba nikaanza kujiambia kwamba wako juu sana. Halafu nikajiambia kwamba wa huku hawana sauti kama wa kwetu. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno. Sauti nene zote nilizipata: lori, Mzee Kilonzo, ngoma ya kanisani Jumapili. Sauti nyembamba ndizo zilizokuwa zinaondoka, moja moja, bila kuaga.

Nduku alikuja kuniona mwanzo wa Oktoba, mvua ya kwanza imeshanyesha Migwani. Wageni hawakuruhusiwa kuingia. Sista aliwasimamisha barazani akawapa somo kama kawaida, mkono mmoja kiunoni: ugonjwa huu unakaa kwa mate, mtu akitema yanakauka, yanakuwa vumbi, vumbi linaingia kifuani, na watoto ndio wanaoshikwa kwanza. Niliona Nduku ameinua mkono, ameuliza kitu. Niliona Sista amecheka, amejibu, amepita. Kisha mke wangu akaja kwenye dirisha langu, akasimama upande wa pili wa wavu.

Alikuwa amekonda kunishinda. Alianza kuongea, na Nduku sauti yake ni nyembamba na ya chini, sauti ya mtu aliyelelewa kutosumbua watu. Nyuma yake kulikuwa na mashine ya kusukuma maji. Nilipata "Mwende". Nilipata "barazani". Mengine yote nyenje walikula. Mwishoni akainua nyusi, nikajua nimeulizwa swali.

Kiziwi anayejificha ana jibu moja. "Sawa," nikamwambia.

Akanitazama sana. Akasogea mpaka pua yake ikagusa wavu, akauliza tena. Wenzangu walikuwa wanatuangalia. Sista alikuwa hatua tano tu kutoka pale. Ningesema, "Sema kwa nguvu, sikusikii," na kila kitu kingejulikana.

"Sawa, Mama Mwende," nikasema. "Fanya hivyo."

Alilia kidogo. Nikadhani ni uchungu wa kuniacha. Aliniachia uji kwenye chupa na soksi alizonifumia, akaenda zake kupanda basi, nami nikarudi kitandani nikijipongeza.

Jumatatu iliyofuata Sista alifika kwa Mzee Kilonzo, ambaye wakati huu naye alikuwa kwenye sindano. "Masikio yanalia?"

"Eeh, Sista," mzee akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Tangu juzi yanalia."

Sindano yake ikasimamishwa papo hapo. Nilingoja Sista aondoke, nikamgeukia. "Mzee! Si wewe ulinifunza nifiche?"

"Nilikufunza kwa sababu wewe una haraka," akasema. "Mimi naharakia nini? Mke wangu alikufa. Mbuzi waliisha na kiangazi. Lakini nina redio." Akageukia ukuta, akalala. Nilimchukia mzee huyo kwa roho yangu yote, na nilimchukia zaidi kwa sababu hakuwa amenidanganya.

Nilimaliza sindano tisini. Kopo langu likawa safi, daktari akanisifu, mwisho wa Novemba nikapewa tembe za kuendelea nazo nyumbani na barua. Nilikuwa nimeshinda. Nilipanda basi na soksi za mke wangu miguuni, nikishuka kila kituo nikishika mlango kwa mikono miwili, kwa maana ardhi ilikuwa haikai mahali pamoja.

Nilifika Migwani saa kumi na moja jioni, mawingu yamejaa, mvua imeacha matope. Saa yao hasa. Nikaingia barazani kwangu, nikafunga macho, nikasikiliza.

Kimya.

Nikafungua macho, nikaangalia juu. Dari ilikuwa nyeupe. Ilikuwa imekwanguliwa na kupakwa chokaa, na chini ya chokaa ulionekana uvimbe mdogo hapa na pale, mahali ambapo nyumba zilikuwa. Nitakwambia kitu cha aibu. Jambo la kwanza nililohisi ni furaha. Nilisema moyoni: basi si masikio! Hawapo! Ni kimya kweli! Nilisimama pale nikicheka peke yangu, na Nduku alipotoka ndani akanikuta nacheka.

"Wako wapi?" nikamwuliza, nikionyesha juu.

Aliniambia. Alisema kwa nguvu kidogo kwa sababu mvua ilikuwa imeanza kugonga bati la jirani, kwa hivyo nilipata karibu yote. Alivumilia wiki tatu baada ya kutoka kuniona. Alimtandikia Mwende ndani asichezee barazani, mtoto akatoroka kila siku. Halafu Mwende akakohoa. Usiku huo hakulala, na asubuhi alichukua mti wa ufagio, akaufunga kwa mwingine, akapanda meza, akazibomoa zote.

Zilikuwa na makinda. Bila manyoya, macho yamefungwa, yakianguka kwenye simiti moja baada ya jingine. Mwende alikusanya yaliyokuwa hai kwenye boksi la karatasi zangu za picha akayapa ugali. Yalikufa, la mwisho siku ya tatu. Wale wakubwa walizunguka pale mbele ya baraza siku mbili, wakija mpaka ukutani na kurudi, wakija na kurudi, hawana pa kuingia. "Walilia," Nduku akasema. "Soko lote lilisikia. Mama muuza nyanya alifunga meza akaenda nyumbani."

Nilimtukana mke wangu. Sitajipamba hapa. Nilimwambia angeuleta huo ufagio hospitalini animalizie na mimi. Nilimwambia alikuwa anangoja nife afunge studio aolewe na fundi cherehani. Mwende alikuwa mlangoni. Watu walianza kusimama barabarani kwenye mvua. Niliinua mkono, na kama si kichwa kuzunguka nikaushika ukuta, ningempiga.

"Nilikuuliza," Nduku akasema.

"Uliniuliza nini?"

"Nilikuuliza dirishani! Nilikwambia Mwende anachezea barazani, na zile nyumba ulisema mwenyewe ni mate. Nilimwuliza hata Sista kama ni mate ya mtu tu ama hata ya ndege, akacheka akasema, mama, mate ni mate. Nikakuuliza, nizitoe? Ukasema sawa. Nikakuuliza mara ya pili, Baba Mwende, kwa sababu nilijua unavyowapenda. Nikasema, una uhakika? Ukasema fanya hivyo." Alikuwa analia sasa. "Nililia njia yote mpaka nyumbani. Nilisema, kumbe mume wangu anatupenda hivi."

Nduku alikuwa ananitazama, na niliona jambo linapita usoni mwake polepole. Akainua leso, akafunika mdomo wake. Macho yake yalibaki kwangu. Aliongea nyuma ya leso. Nilijua kwa sababu kitambaa kilikuwa kinatikisika. Aliongea kwa muda. Kisha akangoja.

"Sawa," nikasema.

Akashusha leso. Mpaka leo hajaniambia alisema nini.

Mwaka uliofuata sitaurefusha. Nilipona kifua, nikanenepa, mkanda ukarudi tundu lake la zamani. Lakini nilitembea nikiyumba, hasa giza likiingia, na wazee wa kanisa wakaniita wakaniambia kwa upole kwamba pombe ya kienyeji si dawa ya kifua. Nikawaeleza kwamba ni zile sindano. Hawakuamini, kwa sababu nilikuwa nimejibu maswali yao mawili kwa majibu ya maswali mengine, kama mlevi. Wakaniondoa kwenye meza ya Bwana kwa miezi sita. Sokoni watoto walinipima kila siku: mmoja anasimama nyuma yangu, ananitukana, wenzake wanaangalia kama nitageuka. Wateja walilazimika kuniambia kwa mikono kwamba hawako tayari. Na Mwende, sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya mamake. Akisema "sitaki" nilisikia "itaki". Akininong'onezea siri sikioni nilihisi joto tu. Nilicheka pale nilipodhani pa kucheka, na mtoto ni mjanja, akaacha kuniletea siri.

Nilirudi kliniki kupimwa nikamkuta Mzee Kilonzo yuko benchini, naye ametolewa baada ya Pasaka. Alikuwa na redio yake mapajani, ameipunguza sauti kabisa, ameinamisha kichwa, anatabasamu na kitu kilichosemwa humo. Nikapita bila kumsalimu.

Mvua za mwaka ule wa pili zilipokuja nilikuwa barazani nikipanga viti. Kivuli kikapita sakafuni. Nikaangalia juu. Walikuwa wamerudi. Kwanza wawili, halafu sita, halafu sikuweza kuhesabu, wakizunguka mbele ya duka na kugusa ile chokaa kwa vifua vyao. Mwende alitoka ndani mbio, akasimama katikati ya baraza, akafunika masikio kwa mikono miwili, akacheka. Kinyozi alitoka nje akaangalia juu amekunja uso. Nikaona midomo ya ndege wazi.

Nikangoja. Nilingoja kwa mwili wote, nimesimama kwa vidole vya miguu. Nyenje wangu waliendelea vile vile.

Nilijua zamani, usidhani sikujua. Lakini mwaka mzima nilikuwa nimejiwekea kitu: kwamba sijawajaribu hao. Kwamba sauti yao ni kali, pengine wao wangepita. Sista alisema kweli kuhusu sikio la kufa, ila langu lilisikia dawa yote, mpaka ya mwisho, na hiyo ndiyo iliyoliua. Nilikaa kwenye kiti cha wateja nikalia mbele ya watu.

Nduku alitoka. Niliona ameangalia dari, ameangalia mtoto. Nikangoja aende kuchukua ufagio. Aliingia studioni, akatoka na kamera yangu, ina vumbi. Akaiweka mikononi mwangu. Kisha akasimama nyuma yangu, akaweka mkono wake begani mwangu, na kelele ilipopanda akanifinya.

Hakujua kunifinya wakati gani. Siku ya kwanza alichelewa, ya pili akawahi, nikamgombeza, akaniambia kwa mikono nikatafute mwingine. Tulimaliza filamu tatu. Hatukuwa tumesameheana, usije ukadhani. Ulikuwa umepita karibu mwaka bila kuongea zaidi ya chumvi na maji. Lakini kila jioni alikuja akasimama. Aliacha kucha zake begani mwangu, nina alama.

Ndugu yangu wa benchini, ukiulizwa Jumatatu kama masikio yanalia, sema yanalia. Sema hata kama una harusi, sema hata kama mazao yako yanaoza shambani. Mficha maradhi kifo humuumbua, tunafunzwa hivyo tangu shule, na mimi nilidhani ni maneno ya watu wanaokufa.

Picha iko ukutani studioni. Teleka mmoja, uso kwa uso, mabawa yamekunjwa nyuma, mdomo wazi mpaka unaona ulimi. Wateja wakiingia huiangalia kwanza kabla ya kujiangalia kwenye kioo, na wengi huniuliza huyo ndege alikuwa analia vipi. Nawaonyesha Nduku, pale anapokaa na pojo zake. Yeye ndiye aliyewasikia, lakini huwa hawaambii. Anainuka, anaenda ndani.